Barua ya Wazi: Ndege Ndogo za Lamu Zina Macho, Viwanja Navyo Vipewe Njia

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya usafiri wa anga katika Serikali ya Kitaifa,
na kwa Serikali ya Kaunti ya Lamu.

Assalaamu alaykum, na salamu za heshima kwenu nyote.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia, mkaazi wa mtaa wa Langoni hapa Lamu. Nimeiacha barua hii wazi, badala ya kuitia kwenye bahasha, kwa sababu inamhusu kila mtu anayevuka maji kwenda kisiwa cha Manda kupanda ndege, awe mgonjwa, mfanyabiashara, mwanafunzi au mgeni aliyekuja kutazama mji wetu. Ombi langu ni moja, ingawa nitalieleza kwa urefu kama ilivyo desturi ya walimu: kabla ya fedha za umma kuingia katika majengo makubwa zaidi ya abiria na katika matumaini ya kuleta ndege kubwa, sehemu yake ndogo itumike kwanza kununua vitu vitakavyoiwezesha ndege ndogo kutua hapa salama siku ya mvua, na usiku pia pale mtu anapokuwa mahututi.

Mwaka juzi, mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekolea, nilikuwa gatini Manda nikimsubiri dada yangu aliyekuwa akirejea kutoka matibabu Nairobi. Ndege tuliisikia. Mlio wake ulipita juu ya vichwa vyetu, ukaenda upande wa Takwa, ukarudi, ukapita tena, kisha ukafifia kuelekea kusini. Baada ya muda simu za manahodha zikaanza kulia na tukajua kwamba abiria wetu wameshushwa Malindi. Dada yangu alilala huko kwa jamaa na kesho yake akaja kwa basi, mtu ambaye hata kukaa kitako kwa saa moja kulikuwa kazi. Simlaumu rubani hata chembe, kwani asiyeiona barabara ya kutulia hana ruhusa ya kuibahatisha, na ningemlaumu kama angejaribu. Lililoniuma ni jambo jingine: wakati ule ule, nikiwa nimesimama gatini, niliziona nyumba za ukingoni mwa mji wa Lamu ng'ambo ya pili, moja moja, hadi milango yake. Wingu halikuwa limegusa ardhi, lilikuwa limetanda juu yetu kama chandarua, na chini yake kulikuwa kweupe. Rubani alihitaji njia ya hakika ya kushuka mita chache zaidi kupita wingu lile, nasi sote tungekuwa nyumbani kabla ya adhuhuri.

Mnajua kwamba kwetu ndege si anasa. Kaunti hii ilihesabiwa watu 143,920 katika sensa ya 2019, na maelfu yao wametawanyika katika visiwa na vijiji ambavyo gari haliwezi kuvifikia. Barabara ya kutoka Garsen imetiwa lami, tunashukuru, lakini kwa miaka mingi mabasi yake yalisindikizwa na polisi, na mvua za mwishoni mwa 2023 zilipoifunika kwa maji kati ya Garsen na Witu tulikumbushwa kwamba lami nayo ina siku zake za udhaifu. Siku kama hizo, kinachobaki ni bahari na anga.

Sasa niseme kuhusu ndege zenyewe, maana kuna dhana kwamba ndege ndogo ni ndege ya kizamani. Cessna Caravan, ile ya injini moja yenye mabawa juu ambayo watoto wa Shela huijua kwa mlio kabla ya kuiona, iliidhinishwa mwaka 1984, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Kilichobadilika ni kile kilicho mbele ya macho ya rubani. Katika ndege zilizotengenezwa miaka ya karibuni, saa nyingi za mishale zimeondolewa na mahali pake pamewekwa skrini zinazoonyesha ramani, mvua iliyo mbele, ndege nyingine zilizo karibu, na hata picha ya ardhi iliyochorwa na kompyuta pale ambapo dirishani hakuonekani kitu ila weupe wa wingu. Kuna ndege ndogo, kama zile za kampuni ya Cirrus ya Marekani, ambazo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 zinauzwa zikiwa na parashuti ya kuibeba ndege nzima injini ikishindwa. Na tangu 2020 zipo nyingine zenye kitufe ambacho abiria anaweza kukibonyeza rubani akizimia, ndege ikachagua uwanja na kutua yenyewe. Nataja hili la mwisho kwa sababu ya sharti lake: ndege hiyo haiwezi kuchagua uwanja wowote tu. Inachagua uwanja ambao tayari umechorewa njia ya kushukia kwa setilaiti. Kifaa cha ndani ya ndege, hata kiwe ghali namna gani, ni kama dira mkononi mwa nahodha asiyepewa ramani ya miamba.

Fikra hii si yangu. Kati ya 2001 na 2005 shirika la anga la Marekani, NASA, pamoja na washirika wake lilifanya utafiti mkubwa kuhusu usafiri wa ndege ndogo, na mwezi wa Juni 2005 wakaonyesha matokeo yake katika uwanja wa mji wa Danville, jimbo la Virginia. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuielewa. Marekani ina maelfu ya viwanja vidogo, lakini wasafiri wengi husongamana katika vichache vikubwa, kwa sababu vile vidogo havina mnara wala rada, na hali ya hewa ikichafuka havitumiki ipasavyo. Wakajiuliza: je, teknolojia iliyomo ndani ya ndege, ikisaidiwa na vifaa vichache vya chini, inaweza kuvifanya viwanja hivyo vitumike bila kujenga mnara na kuweka rada katika kila kijiji?

Walilolishughulikia kwa undani ni foleni. Kwa desturi, mawingu yakitanda juu ya uwanja usio na rada wala mnara, ndege huruhusiwa moja moja: ya kwanza ikiwa ndani ya wingu inashuka, nyingine zote zinangoja mbali hadi itoe taarifa kwamba imetua. Sisi watu wa visiwa hatuhitaji kufundishwa maana ya hali hiyo. Tuliokuwa tukienda Pate na Faza kwa mashua tunaukumbuka mlango wa Mkanda, jinsi vyombo vilivyokuwa vikikaa kusubiri maji yajae, na aliyeikosa saa yake alikuwa na hiari mbili tu, kulala hapo na mbu wa mikokoni au kuzunguka nje kwenye bahari kuu wakati wa kusi. Kule Danville waliweka kompyuta uwanjani iliyozipangia ndege zamu ya kushuka, na kila ndege ikaziona nyingine kwenye skrini yake na kujiweka mbali nazo. Si kila kitu walichokionyesha kimeingia katika matumizi ya kila siku, na teksi za angani walizozitarajia wengi hazikujaza mbingu, lakini msingi wa hoja ile umesimama hadi leo.

Naomba mnivumilie nieleze njia ya kushukia ni kitu gani, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha ombi langu, na nimeona hata watu wenye elimu wakidhani ni mtambo mkubwa wa kuagizwa kutoka ng'ambo. Sivyo. Kimsingi ni kazi ya upimaji na karatasi. Wapimaji hupima ncha za barabara ya kurukia hadi usahihi wa sentimita, huorodhesha kila mnazi, mnara wa simu na nguzo iliyo karibu, kisha wataalamu huchora mstari unaotoka baharini hadi mwanzo wa barabara, ukiwa na urefu wa usalama katika kila hatua. Mstari huo hurukwa kwa majaribio, ukikubalika huchapishwa katika kitabu rasmi cha taarifa za anga, na kuanzia hapo kila ndege yenye kipokezi kilichoidhinishwa inaweza kuufuata. Mkutano mkuu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ulizitaka nchi wanachama mwaka 2010 zichore njia za namna hii kwa viwanja vyao. Manda ni mahali pazuri mno kwa kazi hiyo: hapana mlima, pande zote ni maji, mikoko na nchi tambarare.

Ila kuna shida mbili ambazo fizikia haituruhusu kuzipuuza. Setilaiti za GPS ziko zaidi ya kilomita 20,000 juu yetu, na mawimbi yake, kabla ya kutufikia, hupita katika tabaka la anga liitwalo ionosfia, ambalo huyachelewesha. Kosa linalotokea ni dogo kwa mtu anayetafuta duka, lakini si dogo kwa rubani anayetaka kujua yuko mita ngapi juu ya ardhi. Marekani na Ulaya zimelitatua kwa vituo vya ardhini vinavyojua mahali vilipo kwa hakika, vinalipima kosa hilo, na kutuma masahihisho kwa ndege kupitia setilaiti nyingine, na kwa msaada huo rubani anaweza kushuka hadi takriban mita 60 juu ya uwanja kabla ya kulazimika kuiona barabara kwa macho. Karibu na ikweta kazi hiyo ni ngumu zaidi, kwa kuwa ionosfia yetu hutibuka hasa baada ya jua kutua, kwa hiyo hatuwezi kunakili mtambo wa Ulaya na kuukabidhi kwa Lamu kama ulivyo. Shirika la ASECNA, linalosimamia anga ya nchi nyingi za Afrika Magharibi na Kati, lilifanya safari za majaribio ya mfumo wa Kiafrika huko Lomé mwaka 2021. Ni busara Kenya ikaketi nao meza moja.

Shida ya pili ina dawa nyepesi zaidi. Pasipo masahihisho hayo, ndege inaweza kutumia setilaiti kujua ilipo kwa upande, na kutumia shinikizo la hewa kujua urefu wake. Lakini altimita, yaani kipimo cha urefu kilichomo ndegeni, husema kweli pale tu inapopewa shinikizo la mahali inapotua. Kosa la hektopaskali moja, kizio cha shinikizo hilo, ni kosa la mita nane hivi. Rubani anayekuja Manda na kipimo cha hewa cha mji mwingine cha saa mbili zilizopita ni kama mpishi anayeonja chungu cha jirani ili ajue chumvi ya chungu chake. Kwa hiyo kituo cha kupima hali ya hewa kinachojiendesha chenyewe, kinachopima upepo, shinikizo, joto, umbali wa kuona na urefu wa wingu kwa mwale wa leza, kisha kikayatangaza hayo yote kwa redio kila dakika, si pambo la uwanja. Ni nusu ya njia ya kushukia. Tena rubani angeyasikia akiwa bado mbali na kuamua mapema, na sisi tunaongoja gatini tungejua tukae au twende zetu.

Kuhusu usiku nitasema kwa uchungu kidogo. Madaktari warukao wa AMREF walianza kazi yao Afrika Mashariki mwaka 1957, na tangu hapo watu wa mbali na hospitali kubwa wameokolewa kwa ndege zisizozidi ukubwa wa zile tunazozijua. Lakini uchungu wa uzazi haungoji alfajiri. Nimeshiriki, kama jirani, kumshusha mama kutoka kwenye boti saa nane za usiku, akiwa ametolewa kisiwa cha Pate, na jibu tulilopewa na wenye kumsimamia lilikuwa kwamba ndege itakuja kukipambazuka. Ilikuja, na mama yule yuko hai, ila mtoto hakungoja. Viwanja vidogo vingi huko Marekani vina taa ambazo rubani mwenyewe huziwasha akiwa angani, kwa kubofya kitufe cha redio yake mara kadhaa ndani ya sekunde tano, na baada ya robo saa zinazimika zenyewe. Hapana mtu wa kulipwa mshahara wa kukesha, na taa za LED zinazotumia nguvu za jua hazihitaji jenereta. Hatuombi safari za abiria za usiku. Tunaomba usiku mmoja wa mgonjwa mmoja.

Na kwa kuwa uwanja wetu umezungukwa na maji, sina budi kutaja Bukoba, Tanzania. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyokuwa ikijaribu kutua huko, hali ya hewa ikiwa mbaya, iliangukia Ziwa Victoria, watu 19 wakafa kati ya 43 waliokuwamo. Waliofika kwanza kuokoa walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Hapa Lamu wavuvi na manahodha wako mita chache kutoka barabara ya kurukia, wanaijua mikondo ya maji ya mlango ule usiku na mchana, na bado ukiwauliza ni mlango gani wa ndege unaofunguliwa kwa nje na namna gani, hawajui, maana hawajaonyeshwa. Siku mbili za mafunzo, boti mbili zilizotengwa kwa zamu, makoti ya kujiokolea ya kutosha na redio moja inayosikilizana na uwanja: gharama yake haifikii hata ya kupaka rangi jengo la abiria.

Kuna jambo moja ambalo nawasihi msishawishike nalo kwa sasa, nalo ni ndege za umeme. Nazipenda kama mwanafizikia. Caravan iliyofungwa mota ya umeme ilipaa nchini Marekani mwezi Mei 2020 na kukaa angani dakika 30, na ndege ndogo ya watu wawili ya Pipistrel iliidhinishwa Ulaya mwaka huo huo kwa ajili ya mafunzo. Lakini kilo moja ya mafuta ya ndege ina nishati takriban mara 50 ya kilo moja ya betri, na hata tukikiri kwamba mota haipotezi nishati kama injini, pengo linabaki kubwa, tena mafuta hupungua uzito njiani ilhali betri hutua na uzito ule ule iliopaa nao. Malindi hadi Manda ni kilomita 140 hivi kwa mstari ulionyooka, karibu nusu saa ya Caravan. Ukiondoa akiba ambayo sheria inamtaka rubani abaki nayo, safari hiyo haikuwa ya kufikika kwa ndege hizo mbili. Manda hadi Kiwayu, kilomita 50, huenda ikawa ya kwanza siku zikifika. Kwa leo, injini tuliyo nayo yatosha, tuitafutie njia.

Vivyo hivyo wanaonong'ona kuhusu ndege za kutua majini kama za Maldives wangekuja kwanza watazame mlango wetu saa kumi za jioni, majahazi, boti za abiria, ngalawa na watoto wanaoogelea, ndipo waendelee na maongezi hayo.

Nimesikia pia hoja kwamba teknolojia ya setilaiti ni ya juu mno kwa viwanja vyetu vya pembezoni. Hoja hiyo inanishangaza kuisikia katika pwani hii. Mwaka 1967 Waitalia walirusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa kutoka hapo hapo setilaiti ya kuchunguza nyota iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa heshima ya sikukuu yetu. Wazee wa Ngomeni waliona kwa macho yao roketi zikipaa wakati ambapo vijiji vyao havikuwa na umeme. Imekuwa zaidi ya nusu karne.

Basi nayaweka maombi yetu kama yalivyo. Manda ipimwe na ichorewe njia za kushukia kwa setilaiti katika ncha zote mbili za barabara yake, maana upepo wa kaskazi na wa kusi hautuingilii upande mmoja, na njia hizo zikaguliwe kila zinapopaswa. Kiwanja kiwe na kituo cha hali ya hewa kinachotangaza kwa redio saa zote. Taa za kuwashwa na rubani ziwepo, na utaratibu wa kuzitumia kwa wagonjwa uandikwe pamoja na vyombo vya usalama, ambavyo tunajua vina haki ya kuangalia anga ya kaskazini yetu kwa jicho kali. Vipokezi vya ardhini vya kuonyesha mahali ndege zilipo, ambavyo ni rahisi kuliko rada kwa mbali sana, viwekwe Manda na Kiunga, ili ndege inayoruka chini kandokando ya ufuo isipotee machoni mwa waongozaji. Viwanja vya Kiwayu na Kiunga visafishwe na kupimwa, na watu wa kisiwa cha Pate, kilicho kikubwa kuliko vyote katika kaunti, waulizwe wenyewe kama wanataka kiwanja au boti bora ya wagonjwa, kwa sababu mimi wa Langoni sina haki ya kuwajibia. Serikali ya Kaunti, kwa upande wake, isimamie mafunzo ya manahodha bila kungoja Nairobi.

Tunaomba pia mtangaze hadharani, kwa Kiswahili, ni lipi kati ya haya limo katika bajeti, ni lipi halimo, na nani anayelishughulikia. Kikao kinaweza kufanyika uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome, baada ya swala ya alasiri, siku yoyote mtakayoichagua, nami niko tayari kuja na ubao wangu. Kama mtakuja kwa ndege, njooni mwezi wa Mei.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu.